Povu la Bia ya Kegi: Kwa Nini Regulata Iguswe Mwisho

Koki ya bia ikifunguliwa na glasi ikajaa povu, mkono wa mhudumu huenda moja kwa moja kwenye regulata, yaani kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi inayotoka mtungini kabla haijafika kwenye bia. Huizungusha ili kupunguza gesi. Glasi mbili tatu zinazofuata hutoka vizuri, naye huamini kwamba tatizo limekwisha. Kesho yake povu hurudi likiwa kubwa kuliko la jana, na bia kidogo iliyobaki chini yake ni chapwa, haisisimui ulimi. Makala hii inaeleza sababu ya jambo hilo kuanzia msingini. Msomaji hahitaji kuwa amesoma fizikia wala kemia. Anahitaji kufuata hatua moja kabla ya kwenda nyingine.

Mfano wetu ni kegi, yaani pipa la chuma lililofungwa, lenye ujazo wa lita 30 au 50, linalosafiri magharibi mwa Uganda. Mbarara ina kiwanda cha Nile Breweries tangu mwaka 2013, na baa za mji huo zina umeme, friji na mafundi wa karibu. Karibu kilomita 60 kutoka hapo, katika Wilaya ya Isingiro, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, ambako leo wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Baadhi yao hawanywi pombe kabisa. Hata hivyo, soda inayotolewa kwa koki hufuata kanuni hizi hizi, kwa hiyo somo hili linamhusu pia muuza soda.

Tuanze na gesi yenyewe. Chachu ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyokula sukari na kutoa vitu viwili: alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi. Hilo hutokea katika tonto ya ndizi ya Ankole, katika urwagwa wa Rwanda na katika kasiksi ya Kivu. Lakini vinywaji hivyo huchachuka katika vyombo visivyozibwa kabisa, hivyo gesi hupanda juu, hupasuka na kwenda zake hewani. Kiwandani bia hukamilishwa katika matangi yaliyofungwa, na gesi hulazimika kubaki. Hubakije? Haikai ndani ya bia kama mapovu. Chembe zake ndogo kabisa, ziitwazo molekuli, hujipenyeza katikati ya molekuli za maji na kupotea machoni, kama chumvi inavyopotea kwenye mchuzi. Hali hiyo huitwa kuyeyuka. Bia iliyotulia ndani ya kegi haina povu hata kidogo, ingawa imebeba gesi nyingi. Povu ni gesi iliyokwisha kutoka katika hali ya kuyeyuka. Kila tatizo la povu, basi, ni swali moja: ni mahali gani, kati ya kegi na glasi, gesi imepata nafasi ya kutoka?

Ili kujibu swali hilo tunahitaji neno la pili, shinikizo. Shinikizo ni nguvu inayosukuma juu ya kila kipande cha eneo. Geji nyingi za mitungi hulipima kwa pauni kwa kila inchi ya mraba. Hapa tutaandika pauni tu. Hewa inayotuzunguka nayo ina uzito, na hutusukuma kutoka kila upande. Ufukweni Mombasa au Dar es Salaam msukumo huo ni kilopaskali 101 hivi, sawa na pauni 14.7. Mbarara iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,400, na hewa iliyo juu yake ni pungufu. Huko msukumo wa hewa ni karibu kilopaskali 86, sawa na pauni 12.4. Tofauti ni pauni 2 na robo. Tuiweke akilini, maana tutaihitaji.

Mwaka 1803 Mwingereza William Henry wa Manchester alieleza kanuni ambayo hadi leo ina jina lake: kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hulingana na shinikizo la gesi hiyo juu ya kimiminika. Shinikizo likiongezeka maradufu, gesi inayoyeyuka huongezeka maradufu. Likipungua, gesi iliyozidi hutoka. Watu waliokulia kandokando ya Ziwa Kivu wanaishi jirani na mfano mkubwa kuliko yote wa kanuni hii. Chini kabisa ya ziwa hilo, ambako maji yana kina cha zaidi ya mita 400, uzito wa maji yaliyo juu hubana kaboni dioksidi na methani nyingi mno zisipande. Zimeyeyuka huko, na uso wa ziwa hauoneshi kitu.

Hatua inayofuata ni joto. Molekuli za kimiminika chenye joto hutikisika zaidi, na molekuli za gesi huponyoka kwa urahisi. Tarakimu zinaonesha jambo hili vizuri. Chini ya shinikizo la kawaida la ufukweni, lita moja ya maji yenye nyuzi 0 za selsiasi huyeyusha karibu lita 1.7 za kaboni dioksidi. Kwenye nyuzi 10 huyeyusha lita 1.2. Kwenye nyuzi 25, ambazo ni joto la kawaida la mchana Mbarara, huyeyusha kama lita 0.76 tu, chini ya nusu ya ile ya kwanza. Maji ni yale yale na msukumo ni ule ule. Kilichobadilika ni joto peke yake.

Sasa tuunganishe hatua hizi mbili. Bia nyingi za lager hutoka kiwandani zikiwa na takriban lita 2.5 za gesi katika kila lita ya bia, yaani gramu 5 hivi. Bia hiyo ikiwa na ubaridi wa nyuzi 3 au 4, ufukweni gesi hiyo hutulia ikiwa geji inasoma karibu pauni 11. Hapo idadi ya molekuli zinazotoka kwenye bia ni sawa na idadi ya zinazoingia. Hali hii huitwa mizania, na ndiyo shabaha ya kazi yote. Lakini geji husoma tu kile kilichozidi msukumo wa hewa ya nje, na tumeona kwamba Mbarara hewa ya nje inasukuma pungufu kwa pauni 2 na robo. Kwa hiyo geji ya Mbarara inapaswa kusoma pauni 13 na nusu hivi ili bia ihifadhi gesi ile ile. Fundi anayefuata kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani na kuweka pauni 11 atakuwa ameweka shinikizo dogo mno bila kujua. Nakivale iko chini kidogo kuliko Mbarara, lakini nayo ni nyanda za juu, na hesabu ni karibu ile ile.

Turudi kwa mhudumu wetu. Amepunguza gesi chini ya mizania, na mara moja mambo mawili yakaanza. La kwanza huonekana upesi: bia inasukumwa polepole, inagonga glasi kwa upole, na povu linapungua. Hilo ndilo lililomdanganya. La pili huchukua saa kadhaa: gesi iliyoyeyuka haina tena cha kuizuia, nayo huanza kutoka ndani ya bia, baadhi kwenye kegi na baadhi ndani ya mpira wa bia, yaani ule mrija unaotoka kwenye kegi hadi kwenye koki. Ikiwa mpira huo ni wa plastiki angavu, utayaona mapengo ya gesi yakisimama katikati ya bia. Asubuhi koki ikifunguliwa, mapengo hayo hutoka yakifoka na kuivuruga bia inayoyafuata. Naye mhudumu, akiona povu limeongezeka, hupunguza tena. Kegi nyingi nzuri huharibiwa hivi, hatua kwa hatua, na mtu mwenye nia njema kabisa.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza kushikwa ni kipimajoto, nayo regulata isubiri. Tena ipimwe bia yenyewe, si hewa ya friji, maana hewa hupoa kwa dakika chache ilhali lita 50 za bia zilizofika na joto la nyuzi 24 huhitaji siku nzima au zaidi. Ganda la kegi linaweza kuwa baridi mkononi wakati katikati bado ni vuguvugu. Jaza glasi, imwage, ijaze tena papo hapo, kisha tumbukiza kipimajoto. Ikisoma nyuzi 8 au 10, tatizo limejulikana, na dawa yake ni muda na baridi.

Ikiwa bia ni baridi na bado kuna povu, chunguza ni glasi ipi inayoathirika. Glasi ya kwanza tu baada ya mapumziko ikiwa povu, na zinazofuata zikawa safi, bia ya kwenye kegi haina kosa. Iliyopata joto ni ile iliyokuwa imesimama kwenye mpira na kwenye nguzo ya koki nje ya friji. Nguzo hiyo ifungwe kwa sponji au kitu kingine kinachozuia joto, au hewa baridi ya friji ielekezwe ndani yake. Kila glasi ikiwa povu tangu ya kwanza hadi ya mwisho, angalia njia. Mpira uliopindika, vipande viwili vya mpira vyenye upana tofauti vilivyounganishwa, raba ya kuzibia iliyochakaa, koki iliyofunguliwa nusu: kila kimoja huibana bia mahali fulani kisha kuiachia ghafla, na pale inapoachiwa shinikizo hushuka na gesi hutoka. Koki ya bia hufunguliwa yote kwa mkupuo mmoja. Anayeifungua kidogo kidogo ili kuzuia povu hutengeneza povu.

Urefu wa mpira una kazi yake, nayo haieleweki kwa wengi. Bia inatoka kwenye kegi ikiwa na pauni 13 na nusu juu ya hewa ya nje, na inapaswa kufika mdomoni mwa koki ikiwa imebaki na msukumo mdogo sana. Pauni nyingine ziishie wapi? Huishia katika msuguano wa bia na kuta za mpira, na katika kupanda kutoka kwenye kegi hadi kwenye koki. Kila mita moja ya kupanda hula pauni 1.4 hivi. Mpira mwembamba wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4.8 hula pauni 7 hadi 10 kwa kila mita, kutegemea ulivyotengenezwa. Kwa koki iliyo mita moja juu ya kegi, mpira wa mita 1.5 hivi huwa karibu na shabaha. Mtu akiukata ukawa nusu mita kwa sababu kaunta ni ndogo, bia itatoka kwa kasi na kufoka, na hapo atajaribiwa kupunguza gesi. Arefushe mpira. Kipimo cha kuridhisha ni mililita 60 kwa sekunde, yaani nusu lita kwa sekunde 8 au 9.

Nakivale inahitaji aya zake, kwa sababu hapo hali si ile ya Mbarara. Kegi imesafiri kwenye barabara ya vumbi, imetikiswa, na imepata joto. Mtikiso huacha mapovu madogo mno yanayokuwa mbegu za povu. Kegi ipumzishwe usiku kucha kabla ya kufunguliwa. Kisha kuna suala la baridi mahali ambako umeme wa gridi haujafika au hukatika. Barafu ni jibu linalowezekana, na kiasi chake kinakokotoleka. Kupoza lita moja ya bia kwa nyuzi moja ni kuondoa kilojuli 4.2 za joto. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hubeba kilojuli 334. Kegi ya lita 30 iliyo na nyuzi 24, ili ifike nyuzi 4, inapaswa kuondolewa kilojuli 2,520. Gawanya kwa 334 na utapata kilo 7.5 za barafu. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, kana kwamba hakuna joto linaloingia kutoka nje. Katika beseni lisilofunikwa, chini ya bati la mchana, atakayenunua kilo 15 hatakuwa amekosea. Kuifunga kegi kwa blanketi au magunia makavu hupunguza gharama hiyo kuliko kitu kingine chochote, na bei ya blanketi hulipwa mara moja tu.

Njia nyingine ni kuiacha kegi katika joto lake na kuipitisha bia kwenye koili, yaani bomba refu la chuma kisichoshika kutu lililozungushwa ndani ya sanduku la maji na barafu. Maji yawepo pamoja na barafu, kwa sababu vipande vya barafu bila maji hugusa koili mahali pachache tu, wakati maji hugusa pote. Hapa kanuni ya mizania inadai kitu kinachowashtua wengi: kegi ikiwa na nyuzi 25, shinikizo la kuishikilia gesi yake ni zaidi ya pauni 30. Mtu akiweka pauni 13 na nusu kama kwa bia baridi ya Mbarara, gesi itatoka ndani ya kegi kabla bia haijaifikia barafu, na koili haiwezi kuirudisha. Shinikizo hilo kubwa huliwa na urefu wa koili, ambao kwa kawaida ni mita 15 au zaidi. Kabla ya kupandisha hivyo, sharti kusoma kikomo cha shinikizo kilichoandikwa kwenye kegi na kwenye vifaa vyote, na kutokizidi kamwe.

Wapo wanaosukuma bia kwa pampu ya hewa ya mkono. Itatoka, ndiyo. Lakini hewa ina oksijeni, na oksijeni huichakaza bia ikawa na ladha ya karatasi iliyolowa. Kegi iliyopigwa hewa inywewe siku hiyo hiyo.

Koki isipotoa kitu, uchunguzi ni mfupi. Mtungi umefunguliwa? Kichwa cha kuunganishia kimekaa sawasawa juu ya kegi? Mpira umekanyagwa, au umeganda kwa baridi kali? Kegi imekwisha? Mkanganyiko mkubwa uko kwenye geji ya mtungi. Ndani ya mtungi kaboni dioksidi nyingi iko katika hali ya kimiminika, na juu yake kuna gesi ambayo shinikizo lake hutegemea joto tu: karibu pauni 830 kwenye nyuzi 20. Gesi ikitumika, kimiminika huchemka na kujaza pengo, na geji hurudi pale pale. Kwa hiyo geji hiyo husoma sawa mtungi ukiwa umejaa na ukiwa umebakiza kidogo. Hushuka tu baada ya kimiminika kwisha, na hapo gesi iliyobaki ni ya muda mfupi. Kinachofaa ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye bega lake. Pima, toa, na jibu ni gesi iliyobaki. Mtungi unaokwisha upesi kuliko mauzo unavuja. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, na mapovu yatakuonesha mahali.

Bia inayotoka vizuri ila ladha yake ni mbaya ni suala la usafi. Bakteria wa jamii ya Lactobacillus na Pediococcus huishi kwenye utando unaojijenga ndani ya mpira, nao huleta uchachu au ladha inayofanana na siagi. Kwenye mdomo wa koki, ambako kuna hewa, bakteria wengine hugeuza alkoholi kuwa siki. Njia nzima husafishwa kila baada ya siku 14 kwa dawa ya magadi makali iliyotengenezwa kwa mifumo ya bia, ikizungushwa kwa angalau dakika 15, kisha kusuuzwa kwa maji safi mpaka hakuna utelezi. Dawa hiyo huchoma ngozi na macho. Glavu na miwani si hiari, na isichanganywe kamwe na dawa nyingine. Glasi nazo: mafuta kidogo ya chakula au ya mdomo huua povu, na bia nzuri huonekana imekufa. Mapovu yakishikamana na kuta za glasi chini ya bia, hiyo glasi haijaoshwa vizuri, na wala kegi haina lawama.

Regulata sasa inaweza kuguswa. Bia ikiwa imepimwa na ni baridi, njia ni safi, mpira una urefu wake na hakuna kinachovuja, zungusha kwa pauni moja tu, kisha subiri hadi kesho kabla ya kuhukumu, kwa maana mizania huchelewa kufika.

Limebaki jambo la usalama, na ni la lazima hata kwa mtu ambaye bia yake haina tatizo lolote. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, haina rangi, na haina harufu ya kumwonya mtu. Waliotoka Goma wanaijua kwa jina la mazuku: gesi inayotoka ardhini katika maeneo ya volkeno, ikajikusanya mabondeni na kuua mifugo na watu waliopita humo. Gesi ya mtungi wa baa ni hiyo hiyo. Ikivuja usiku katika stoo ndogo isiyo na dirisha, hujaa kuanzia sakafuni. Ikifika asilimia 3 au 4 ya hewa, mtu hupumua haraka na kichwa kumuuma. Ikifika asilimia 10, anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache. Mtungi usimame ukiwa umefungwa kwa mnyororo ukutani, mahali penye matundu ya hewa karibu na sakafu. Anayefika asubuhi na kusikia mtungi ukilia afungue mlango, akae nje, na asiingie mpaka hewa imebadilika. Na akimwona mwenzake ameanguka ndani, asimkimbilie peke yake, bali apige kelele watu waje, milango yote ifunguliwe, na anayeingia aingie hewa ikiwa imebadilika, akiwa amefungwa kamba inayoshikwa na walio nje.